Hii nano ya kijani, ikichoka inaenda wapi?

Ndugu Mhariri,

Salamu kutoka Kasese, huku chini ya Rwenzori, jua ni kali na mto Nyamwamba leo umetulia. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua. Najua barua ndefu huwa mnazikata lakini hii naomba msiikate sana maana nimekaa nayo usiku mara mbili na umeme ulikatika mara zote mbili.

Mliweka makala ya kusifu nano juzi juzi hapa, ile teknolojia ya chembe ndogo mno, kwamba sasa kuna nano ya kijani, yaani isiyoharibu mazingira, itasafisha maji, itapunguza mbolea, itaokoa misitu, na Afrika isikubali kuachwa nyuma. Mimi sipingi. Tena mimi ni mtu wa maabara, natunza maabara ya shule ya sekondari mwaka wa kumi na tisa huu, na nina kashamba ka kahawa huko juu kidogo, kwa hiyo kemia na mbolea ndo zinanilisha. Ila makala yenu ilikuwa tamu mno. Kuna swali moja hamkuligusa kabisa, na nikiri kwamba hata mimi lisingenijia, niliulizwa na mtoto.

Kwanza kwa wale ambao neno lenyewe linawapita. Nanomita 1 ni mita 1 ukiigawa mara bilioni 1. Unywele wako mmoja una unene wa nanomita kama 80,000 mpaka 100,000, na vitu vinavyoitwa vya nano ni vile vya kati ya 1 na 100. Sasa mtu anauliza, udogo una faida gani? Angalia muhogo. Mama zetu huku hawaaniki muhogo mzima, wanaukatakata, kwa sababu kila ukikata unapata uso mpya wa kupigwa jua na unakauka upesi. Chukua kitu cha sentimita 1 kila upande, kama dadu ya ludo, nyuso zake zote sita ukizijumlisha ni sentimita za mraba 6, basi. Kikatekate mpaka vipande vya nanomita 1 kila upande, nyuso zake zote zinafika mita za mraba 6,000, karibu uwanja wa mpira! Uzito ni ule ule, kitu ni kile kile, ila sasa kinagusa maji au jani au bakteria kwa eneo la uwanja mzima. Ndo maana kidogo tu kinafanya kazi kubwa, na ndo maana pia kikiwa kibaya, kinakuwa kibaya kwa eneo la uwanja mzima, hapo watu wa matangazo huwa wanaruka.

Na hilo neno kijani halikuanguka tu kutoka mbinguni. Mwaka 1998 Wamarekani wawili, Paul Anastas na John Warner, waliandika kanuni 12 za kemia ya kijani, na nano ya kijani inazifuata hizo hizo. Kanuni ya kwanza inasema ni afadhali usizalishe taka kuliko uje kuzisafisha baadaye. Ya kumi inasema kitu kikimaliza kazi yake kiweze kuvunjika kiwe kitu kisichodhuru. Shikeni hiyo ya kumi, nitairudia.

Sasa nianze na aibu yangu. Msimu uliopita kahawa yangu ilikuwa na majani ya njano, nikaenda kwenye duka la pembejeo, silitaji, kijana akanitolea kachupa kazuri kana picha ya jani na neno NANO kwa herufi kubwa, akaniambia mzee hii ni teknolojia mpya, chupa moja ni gunia zima la mbolea ya yuria, na haiharibu mazingira. Shilingi 35,000. Nikalipa, mimi mtu wa maabara! Nilivofika nyumbani nikavaa miwani nikatafuta kiasi cha nitrojeni, ndo chakula chenyewe cha jani, hakuna. Hakuna asilimia, hakuna aliyetengeneza, hakuna tarehe. Nikapulizia hivo hivo. Majani yakabaki njano, mke wangu akanicheka mpaka leo, akiona jani la njano popote ananiambia baba fulani, lete ile dawa yako ya elfu thelathini na tano.

Nikaamua angalau nifanye hesabu. India wana yuria ya nano ya kweli, ya maji, ilianza kuuzwa 2021, na yenyewe iliandikwa vizuri, chupa ilikuwa mililita 500 na nitrojeni asilimia 4, wakasema inaweza kushika nafasi ya gunia la kilo 45. Haya, asilimia 4 ya mililita 500 ni gramu 20. Gunia la yuria la kilo 45 lina nitrojeni asilimia 46, hiyo ni kama kilo 20 na ushee. Gramu 20 kwa kilo 20, tofauti ni mara 1,000. Wenyewe wanajitetea kwamba yuria ya kawaida nyingi inapotea hewani na kwenye maji, na hii inaingia moja kwa moja kwenye vitundu vya jani, na hapo kwenye kupotea wanasema kweli kabisa, yuria inapotea vibaya na inaharibu mito. Lakini hata kama ya gunia ingepotea tisa kwa kumi bado zinabaki kilo 2, na gramu 20 ni moja ya mia ya hizo. Chuo Kikuu cha Kilimo cha Punjab waliijaribu shambani kwenye ngano na mpunga wakakuta mavuno yameshuka. Siandiki haya ili kusema nano ni utapeli, naandika kwa sababu hesabu hii ilihitaji namba moja tu kwenye lebo, asilimia 4, basi, na kwenye chupa yangu hata hiyo haikuwepo.

Sasa twende maabara. Kwa sababu ya hasira ya ile chupa nikataka kuona nano kwa macho yangu mwenyewe, na kumbe inawezekana hata kwenye shule isiyo na kitu. Silva naitreti tunayo, ile ya kupimia kloraidi, kitu kilichomo kwenye chumvi, watoto wa S5 na S6, yaani kidato cha tano na cha sita, wanaijua. Silva ndo fedha, ile ya pete si ile ya kulipia karo. Nikaizimua sana kwa maji yaliyotoneshwa. Nikachuma majani ya mwarobaini nyuma ya bweni, nikayachemsha dakika kumi, nikachuja kwa kitambaa. Watoto wakakusanyika, wale wa S5, wengine hata hawakuwa na kipindi cha kemia siku hiyo. Kundi la kwanza likaharibu kwa sababu mmoja alizimua kwa maji ya bomba, bomba lina kloraidi, ikawa nyeupe kama maziwa palepale, wakapiga kelele wakidhani ndo nano yenyewe. Kundi la pili wakafanya sawasawa, wakamimina maji ya mwarobaini kidogo kidogo, tukaweka dirishani. Ilikuwa haina rangi. Baada ya muda ikawa njano kama chai ya rangi iliyozimuliwa, alafu ikaendelea, ikaendelea, mpaka kahawia nzito. Ile rangi ndo ushahidi, vitu vilivyomo kwenye jani vimeigeuza fedha iliyoyeyuka ikawa chembe ngumu ndogo mno, na chembe za fedha za udogo huo zinashika mwanga kwa namna yake, ndo unaona njano na kahawia. Ukiacha silva naitreti yenyewe hakuna kemikali kali nyingine iliyotumika, hakuna tanuru, ni jani na jua la Kasese. Nilijisikia fahari jamani, nisiwafiche.

Nikawaeleza fedha hii inaua bakteria, kwamba India mwaka 2009 walitoa kichujio cha maji cha bei nafuu, Tata Swach, kinatumia majivu ya makapi ya mpunga yaliyopakwa chembe za fedha, na kwamba makapi ya mpunga hata sisi Uganda tunayachoma bure. Wakapiga makofi. Alafu msichana mmoja wa nyuma, mkimya, ambaye kwenye mtihani hata si wa kwanza, akanyoosha mkono, "Mwalimu, sasa hii tunaimwaga wapi?"

Nikafungua mdomo niseme sinki. Ikabidi niufunge.

Kwa sababu sinki letu linaenda kwenye shimo nyuma ya maabara, na chini ya shimo kuna bustani ya mboga ya shule, na shimo lenyewe linafanya kazi kwa sababu ya bakteria, ndo wanaoozesha. Na mimi dakika tano zilizopita nimetoka kuwaambia kwamba kitu hiki kinaua bakteria. Hakichagui bakteria wa kuhara na bakteria wa shimo. Na fedha ni elementi, haiozi, mwarobaini wote wa Uganda hauwezi kuifanya ioze. Kwa hiyo kwenye kutengeneza tumejitahidi, ila kanuni ya kumi tumeshindwa mbele ya darasa. Majani ya kijani, njia ya kijani, bidhaa si ya kijani mpaka ujue mwisho wake!

Nilienda kusoma baada ya hapo. Arizona mwaka 2008 watafiti walifua soksi zenye chembe za fedha, zile zinazouzwa kwamba hazinuki, wakakuta nyingine zimetoa karibu fedha yote kwa kufuliwa mara nne tu, nyingine hazikutoa kitu cha maana. Soksi zote zina jina moja, nano, na tabia tofauti kabisa, kwa hiyo kusema nano ni salama au nano ni hatari ni maneno ya kijiweni, uliza ni nano gani na imeshikwa na nini. Wataalamu pia wanasema kwenye mitambo ya majitaka fedha nyingi inaungana na salfa inageuka salfaidi ambayo makali yake yamepungua sana, nami nakubali, ila huko ni penye mtambo. Huku kwetu ni shimo, na baada ya shimo ni mtaro, na baada ya mtaro ni Nyamwamba na baadaye Ziwa George.

Na tukishataja Nyamwamba nisipite tu. Wasomaji wa Nairobi na Dar huenda hamjui, hapa juu yetu Kilembe walichimba shaba kuanzia miaka ya 1950 mpaka mapema miaka ya 1980, wakafunga, mabaki ya mgodi wakayaacha kando ya mto. Mvua ikipiga mto unayala. Mafuriko ya Mei 2013, na ya Mei 2020, yalishuka na mawe na miti na nyumba za watu, na mabaki yale pia yalikuwa njiani. Shaba, kobalti, nikeli, vimepimwa kwenye udongo wa mashamba na mpaka kwenye matope ya Ziwa George, ziwa ambalo ardhioevu yake ndo ilikuwa ya kwanza Uganda kuwekwa kwenye orodha ya Ramsar, ile ya ardhioevu muhimu za dunia, 1988. Watu wanalima pale, wanakula pale, na hakuna aliyewauliza ile taka inaenda wapi wakati mgodi bado unalipa mishahara. Mzee wangu alifanya kazi mgodini, alisema siku zote lile rundo litaondolewa tu. Nimezeeka naliona.

Hapa ndipo nano ingenifurahisha kweli. Kila mtoto wa kemia anajua ukitumbukiza msumari kwenye maji ya kopa salfeti, ile chumvi ya shaba, unatoka umevaa shaba, chuma kinaingia kwenye maji na shaba inatoka inaung'ang'ania msumari. Sasa fikiria msumari huo umekatwa kama ule muhogo, mpaka nano. Chuma cha nano kimeshatumika Marekani kusafisha maji ya chini ya ardhi yaliyochafuliwa na kemikali za viwanda, na watafiti wa shirika la mazingira la huko walitengeneza chembe hizo kwa majani ya chai badala ya kemikali kali. Chai! Fort Portal ni hapo tu. Chuma kikimaliza kinakuwa kutu, na kutu ni kitu kilichomo hata kwenye udongo wa kawaida, ina maana hata kanuni ya kumi kinaikaribia zaidi kuliko fedha. Makapi ya kahawa nayo ukiyachoma bila hewa yanatoa mkaa unaonasa metali, na makapi huku kwenye vinu yamerundikana mpaka yanavuta nzi. Vyuo vyetu vikitaka mradi wa nano ya kijani, mradi uko hapa, una shaba, una chai, una makapi, una mto.

Ila hata hapo swali la yule msichana linakuja na gumboti zake. Ile kutu iliyojaa shaba, nani anaitoa kwenye maji, na inalazwa wapi? Ukiiacha mtoni, mafuriko yajayo yanaibeba, umefanya kazi ya kuhamisha tu. Mwenye mradi aandike ukurasa wa mwisho kabla ya ukurasa wa kwanza, mimi nitambebea hata begi.

Kwenye maji ya kunywa mimi naona matumaini zaidi. Jirani zetu Arusha, mhandisi wa kemikali Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela alichanganya kichujio cha mchanga cha kawaida na vitu vya nano, kinaweza kurekebishwa kulingana na uchafu wa mahali, na huko kwao maji yana floraidi inayoharibu meno ya watoto. Mwaka 2015 alipata zawadi ya Afrika ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza. Huyu ni mtu wa hapa hapa, aliyeanza na tatizo la kwao, hakuanza na bidhaa akatafuta tatizo. Na fikiria sisi tunaochemsha maji kwa mkaa kila siku, kila sufuria ni mti, wakati mkaa wenyewe bei haishikiki. Kichujio kizuri ni msitu uliobaki umesimama, hapo makala yenu ilisema kweli tupu. Mimi nikiletewa kesho nanunua, nitauliza mambo mawili tu, ni lini kinachoka, na kikichoka nakirudisha kwa nani. Duka linaloniuzia gesi linachukua mtungi mtupu, soda ile ya chupa ya glasi mpaka leo lazima urudishe chupa ama uache pesa, kwa hiyo mtu asiniambie haiwezekani Uganda.

Maana tusidanganyane, sisi historia yetu na vitu vidogo tunaijua. Kavera, mifuko ya plastiki. Mwaka 2009 serikali ilipiga marufuku kavera zenye unene chini ya maikroni 30, maikroni ni milimita ukiigawa mara elfu, na leo asubuhi nimeuziwa mandazi kwenye kavera ambayo ukiinyoosha unaona mpaka Congo. Tulishindwa kusimamia unene wa maikroni 30 ambao angalau unaushika kwa vidole, sasa chembe ya nanomita 30 ni ndogo mara 1,000 kuliko hiyo, tutaisimamia kwa macho gani? Ndo maana nasema tusisubiri bidhaa zijae sokoni ndo tuanze kukimbizana na wamama wa soko. Ulaya tangu 2013 kipodozi chenye kitu cha nano lazima kiandike neno nano kwenye mabano baada ya jina la kitu hicho kwenye orodha ya vilivyomo. Hakijakatazwa, kimetajwa tu. UNBS, watu wa viwango, na NEMA, watu wa mazingira, wanaweza kuanza na hilo, kila chupa, kila krimu, kila kichujio kinachojiita nano kiseme ni nano ya nini, asilimia ngapi, imetoka wapi, na ikishatumika irudi wapi, na iandikwe kwa Kiswahili pia maana tumeambiwa sasa ni lugha rasmi, basi ifanye kazi. Ingenisaidia mimi na 35,000 zangu.

Na nyie Mhariri mkiandika tena juu ya nano, na muandike tu, tunasoma, msimwachie aliyekuja kuuza ajibu peke yake.

Kuhusu ile kahawia yetu, sikuimwaga. Nilimpigia mtu mmoja anayehusika na mambo hayo, simtaji, akacheka akasema mzee si ni kidogo, mwaga tu. Nikafunga kwenye chupa nyeusi ya dawa. Niliweka chumvi kidogo, chembe zikaanza kushikana zikatulia chini kama nilivotarajia, kwa hiyo sasa nina tope dogo chini na maji juu, na bado sijapata wa kunipokea tope. Ipo kwenye shelfu ya juu nyuma ya asidi. Yule msichana ameiandika kwa kalamu ya maka, USIMWAGE, na tarehe, na kila Jumatatu kabla ya foleni ya asubuhi anapita mlangoni kuangalia kama bado ipo.

Ni mimi,
Mtunza maabara na mkulima mdogo wa kahawa,
Kasese, Uganda